Sura ya Tano: Dawa ya Kifaranga Hutangulia Ugonjwa

Hasara ya mfugaji wa kuku wa kienyeji haingoji kuku wakue. Huanza katika wiki nane za mwanzo. Tetea huatamia siku 21, hutotoa vifaranga kumi au kumi na wawili, hushuka nao uani, na mwezi haujaisha wamebaki wanne. Baadhi wamechukuliwa na mwewe, wengine na kicheche, wengine wamelowa mvua ya usiku na asubuhi hawakuamka. Waliosalia wamejikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi kimegandia nyuma. Hapo ndipo mwenye kuku huukimbilia mwarobaini ulio nyuma ya nyumba. Huchuma majani, huyatwanga, huyaloweka na kuwanywesha wagonjwa. Wengine hupona, wengine hufa, na sababu haijulikani kwa hawa wala kwa wale.

Sura hii inahusu mwarobaini huo na mimea mingine ya uani: kitunguu saumu, shubiri, pilipili kichaa, mlonge, bizari, papai, pakanga na kivumbasha. Ni mimea ninayoiamini na kuitetea. Inaota karibu na banda, haihitaji nauli ya kwenda mjini, na inamwezesha mama asiye na fedha ya duka la dawa za mifugo kufanya jambo la maana asubuhi hiyo hiyo. Lakini imani isiyojua mipaka huua vifaranga. Nguvu kubwa ya mimea hii iko kwenye kinga, wakati kifaranga bado mzima. Akishalala chini, mara nyingi dawa imechelewa. Na yapo magonjwa, kideri kikiwa cha kwanza, ambayo hayana mti wa kuyatibu.

Akiba anayozaliwa nayo

Kifaranga hatoki kwenye yai bila akiba. Muda mfupi kabla ya kutotolewa, kiini kilichobaki huvutwa kuingia tumboni mwake, na humlisha kwa siku mbili hadi tatu za mwanzo. Ndiyo maana vifaranga wa siku moja huweza kusafirishwa kwenye maboksi safari ndefu bila kula wala kunywa, wakafika hai. Ndani ya kiini hicho mna pia kingamwili kutoka kwa mama. Tetea aliyechanjwa huwarithisha wanawe ulinzi unaodumu wiki chache, kisha hupungua na kwisha.

Kwa hiyo malezi ya kifaranga huanzia kwa mama yake. Tetea aliyekonda, asiyepata majani mabichi wala protini, anayeatamia huku akinyonywa damu na utitiri, hutotoa vifaranga wenye akiba ndogo. Hakuna jani litakaloijaza akiba hiyo baadaye. Mfugaji anayetaka kutumia mimea vizuri aanze mwezi mmoja kabla ya kutotolesha: tetea achanjwe, apate mchicha, mlonge na dagaa, na kiota chake kisafishwe.

Kuna kitu kimoja ambacho kifaranga hazaliwi nacho, nacho ni bakteria wema wa utumbo. Mwaka 1973, Esko Nurmi na mwenzake Rantala wa Finland walionyesha jambo lililobadilisha fikra za wafugaji duniani. Vifaranga wa mashine, ambao hawakuwahi kumwona mama, waliambukizwa salmonela kwa urahisi mno. Walipolishwa bakteria kutoka kwenye utumbo wa kuku wakubwa wenye afya, wakawa wagumu kuambukizwa. Bakteria wema walikuwa wamekwisha kukaa kwenye nafasi zote za utumboni, na salmonela haikupata pa kushika.

Tetea anayetembea uani na vifaranga wake hufanya kazi hiyo bila gharama. Wanadonoa anapodonoa, wanachakura anapochakura, na utumbo wao hupata wakazi wake mapema. Hapa tunapata kanuni ya kwanza ya dawa za mimea: wiki ya kwanza usimpe kifaranga dawa kali ya aina yoyote. Kitunguu saumu kingi, mwarobaini mzito na shubiri iliyokolea vinaweza kuwadhuru bakteria wema sawa na wabaya. Wiki ya kwanza ni ya joto, maji safi na chakula.

Yanayotangulia majani

Kifaranga wa siku za mwanzo hawezi kujipasha joto mwenyewe. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi tatu kila wiki mpaka aote manyoya. Aliye na mama hupata joto hilo chini ya mbawa. Asiye na mama huhitaji bruda yenye taa, au chungu cha mkaa kilichozungushiwa wavu, na hewa ya kutosha ili moshi usiwadhuru. Huhitaji kipima joto kujua kama umepatia. Wakirundikana pamoja na kulia, wana baridi. Wakitawanyika ukutani huku midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakilala wametapakaa kwa utulivu, umepatia.

Sakafu iwe kavu. Tandika maranda ya mbao au pumba za mpunga, na uepuke vumbi laini la mbao kwa sababu vifaranga hulila. Sehemu iliyolowa karibu na chombo cha maji iondolewe kila siku, kwa sababu nitakazozieleza tutakapofika kwenye kuhara damu.

Chakula cha wiki nane za mwanzo kiwe na protini ya asilimia 18 hadi 20. Pumba za mahindi peke yake hazifiki hata karibu na kiwango hicho. Dagaa waliosagwa, mashudu ya alizeti, soya iliyokaangwa, mchwa na funza huziba pengo hilo. Tengeneza tenga lenye matundu ambayo kifaranga hupita na kuku mkubwa hapiti, uweke chakula cha vifaranga humo. Tenga hilo pekee, likikaa mahali penye kivuli na ulinzi dhidi ya mwewe, linaweza kuokoa vifaranga wengi kuliko dawa yoyote iliyotajwa katika sura hii.

Nayasema haya kabla ya kutaja hata jani moja kwa sababu mimea husaidia mwili unaojitetea. Kifaranga mwenye baridi na njaa hana cha kujitetea nacho.

Kideri hakina mti

Ugonjwa unaofyeka kuku wa kienyeji Afrika Mashariki ni kideri, ambacho sehemu nyingine huitwa mdondo. Hutokana na virusi, na kilitambuliwa rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza. Kwetu hupamba moto zaidi wakati wa kiangazi. Kuku hupumua kwa shida, huhara kijani, shingo hupinda, na banda zima linaweza kwisha ndani ya siku chache. Biashara huusambaza: kuku wa Singida hupakiwa kwenye matenga kwenda Dar es Salaam, wa minadani hurudishwa vijijini, na mmoja mgonjwa huambukiza matenga yote.

Kwa kuwa ugonjwa huu ni wa zamani na wa kutisha, kila eneo lina mchanganyiko wake wa mimea. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, waliichukulia elimu hii ya wafugaji kwa heshima inayostahili: waliipima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walijaribu pilipili kichaa, limau na mpungate, mimea inayotumiwa na wafugaji dhidi ya kideri. Mchanganyiko huo haukuwaokoa kuku walioambukizwa. Miaka michache baadaye ikaja zamu ya aina ya shubiri inayoota kwa wingi kwenye nyika zetu, ambayo wanasayansi huiita Aloe secundiflora. Kuku waliopewa shubiri hiyo kwa wiki mbili kabla ya kuambukizwa virusi walikufa wachache kuliko wasiopewa.

Matokeo haya mawili yasomwe pamoja. Shubiri ilipunguza vifo ilipotangulia ugonjwa, lakini haikuvikomesha. Mfugaji anayetegemea shubiri peke yake dhidi ya kideri bado atazika kuku.

Kinachozuia kideri ni chanjo, na kwa bahati njema ipo chanjo iliyotengenezwa kwa kumfikiria mfugaji wa kijijini. Inaitwa I-2. Asili yake ni kazi ya Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliotafuta aina ya virusi visivyo na madhara na vinavyostahimili joto, ili chanjo ifike mahali ambako friji ni shida. Hapa Tanzania hutengenezwa na maabara ya serikali ya mifugo. Hutolewa tone moja kwenye jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo vilevile, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Wanakijiji wakichanja kuku wao siku moja, kijiji kizima hupumua.

Magonjwa ya Gumboro na ndui hutokana na virusi pia, na yana chanjo zake. Muulize afisa mifugo wa kata ratiba inayofaa eneo lako. Siku ya kuchanja kwa maji, usiweke dawa ya mimea kwenye maji hayo, wala siku moja kabla na siku moja baada yake. Chanjo hai ni kiumbe dhaifu, na kitunguu saumu kilichokusudiwa kuua vimelea kinaweza kuiua nayo.

Kuhara damu

Tukishakipa kideri chanjo yake, tunaingia uwanja ambao mimea ina kazi kubwa. Kuhara damu husababishwa na vimelea vidogo vya jamii ya Eimeria vinavyokaa kwenye ukuta wa utumbo. Hushambulia zaidi vifaranga wa wiki ya tatu hadi ya sita. Kifaranga hujikunyata, hufumba macho, manyoya husimama, na kinyesi huwa na damu au rangi ya kahawia.

Kuelewa mwendo wa kimelea hiki ndiyo nusu ya tiba. Mayai yake hutoka na kinyesi yakiwa hayawezi kuambukiza. Yakipata unyevu, joto na hewa, huiva ndani ya siku moja au mbili, na kifaranga atakayeyadonoa huugua. Yakikauka, hufa. Ndiyo sababu matandiko yaliyolowa karibu na chombo cha maji ni hatari kuliko banda lote lililobaki. Kuinua chombo cha maji juu ya matofali mawili, kugeuza matandiko kila siku na kuyaanika juani hukata mzunguko huo kabla jani lolote halijachumwa.

Kuna jambo jingine la kutia moyo. Kifaranga anayekutana na vimelea vichache hujenga kinga dhidi ya aina hiyo. Anayekutana na vingi kwa mara moja hufa. Lengo la mfugaji wa asili ni kuvifanya viwe vichache, ili utumbo upate muda wa kujifunza. Hapo mimea hutoa msaada wa kweli, kwa kupunguza makali ya maambukizi wakati kinga ya kifaranga inajengeka.

Pakanga iko mstari wa mbele. Aina yake iitwayo Artemisia annua, inayolimwa pia katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ndiyo chanzo cha artemisinini, dawa ya malaria iliyompatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Vimelea vya malaria na vya kuhara damu ni vya ukoo mmoja wa mbali, na majaribio ya maabara yameonyesha kuwa majani makavu ya pakanga kwenye chakula hupunguza vidonda vya utumbo vinavyotokana na baadhi ya aina za Eimeria, ingawa si zote. Majani yakaushwe kivulini, yasagwe, na yaanze kuchanganywa kwenye chakula mwishoni mwa wiki ya pili, kabla hatari haijafika.

Kifaranga akishaanza kutoa damu, usipoteze siku mbili ukibadilisha majani. Muite afisa mifugo. Zipo dawa mahususi za ugonjwa huu, na kundi linaweza kuokolewa zikitolewa mapema.

Mimea ya uani na kazi zake

Vipimo ninavyovitaja hapa ni vya kuanzia, vimewekwa chini kwa makusudi. Kifaranga ana uzito mdogo sana anapototolewa, na kinachoonekana kidogo kwa macho yetu ni kingi kwake.

Kitunguu saumu kina nguvu dhidi ya bakteria wengi, lakini nguvu hiyo haipo mpaka kipondwe. Punje nzima ina viungo viwili vilivyotenganishwa. Ikipondwa hukutana na kutengeneza alisini, kemikali yenye ile harufu kali. Ukichemsha punje nzima, unaharibu kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo na kubaki na harufu tupu. Kwa hiyo ponda punje tatu, ziache dakika kumi, kisha ziloweke kwenye lita moja ya maji ya kawaida, chuja na uwape. Siku tatu kwa wiki zinatosha, kuanzia wiki ya pili.

Mwarobaini ni mchungu, na uchungu huo ndio hatari yake ya kwanza. Kifaranga akiyakataa maji hukauka na kufa kwa kiu, huku mfugaji akidhani ugonjwa umemzidi. Loweka kiganja kimoja cha majani mabichi kwenye lita tatu za maji usiku kucha, chuja, weka asubuhi kwa saa tatu au nne, kisha rudisha maji safi. Fanya hivyo siku mbili, halafu pumzika wiki nzima. Mwarobaini ukizidi hupunguza hamu ya kula na kudumaza ukuaji. Mbegu zake na mafuta yake ni kali zaidi, na hayafai kunyweshwa vifaranga.

Shubiri hutumika kulinda utumbo na kuutuliza. Jani likikatwa hutoa utomvu wa njano, na utomvu huo huharisha. Simamisha jani kichwa chini mpaka njano yote ichuruzike, menya, chukua ute mweupe wa ndani kiasi cha ncha ya kidole gumba, uupige kwenye lita moja ya maji. Maji hayo yamwagwe jioni, maana ute huoza haraka.

Pilipili kichaa huwashangaza wengi: kwa nini kuku huidonoa bila kuhema? Jibu lilipatikana mwaka 2002, katika maabara ya David Julius huko California. Kipokezi cha maumivu ambacho kwetu huwashwa na ukali wa pilipili, kwa ndege hakiitikii kemikali hiyo. Wanyama kama panya huikimbia pilipili, ndege huila na kutawanya mbegu zake. Unga kidogo wa pilipili kwenye chakula haumuunguzi kifaranga, na huwafanya panya waonje mara moja na kuondoka. Wafugaji huutoa pia wakati wa baridi na mafua. Nauona ni nyongeza nzuri kwenye chakula, na tumekwisha kuona kuwa kwa kideri haukusaidia.

Bizari na tangawizi hutuliza uvimbe wa utumbo. Gramu tano za bizari kwa kila kilo ya chakula ni kiasi cha kutosha.

Mlonge ni chakula zaidi ya kuwa dawa, na kwa sababu hiyo hiyo nauthamini kupita mingine yote. Majani yake makavu yana protini ya takribani robo ya uzito wake, pamoja na karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kuku aliyepungukiwa vitamini A huvimba macho, hutoka makamasi na kushindwa kupambana na mafua. Kausha majani kivulini ili jua lisiharibu karotini, saga, na changanya hadi gramu 50 kwa kilo ya chakula, usizidishe.

Mbegu za papai hutumika dhidi ya minyoo. Minyoo mikubwa ya utumbo huchukua wiki tano hadi nane kukomaa ndani ya kuku, kwa hiyo hakuna haja ya kumsumbua kifaranga wa wiki mbili kwa dawa ya minyoo. Kausha mbegu, saga, na wape wakifikisha miezi miwili.

Wadudu wa nje

Utitiri mwekundu hujificha kwenye nyufa mchana na hunyonya damu usiku. Kifaranga anayeamka mweupe kishungi na miguu huenda hana ugonjwa wa ndani kabisa: anamalizwa na wadudu. Ingia bandani usiku na tochi, utawaona.

Majivu ya jikoni yaliyopoa, yakichanganywa na mchanga mkavu kwenye karai, huwapa kuku mahali pa kuoga vumbi, na vumbi hilo huwakausha wadudu. Matawi ya kivumbasha na mwarobaini chini ya kiota huwafukuza. Unga wa pareto, zao linalolimwa Mbeya, Iringa na katika nyanda za juu za Kenya, huua chawa na viroboto na huvunjika upesi kwenye mwanga wa jua. Nyunyiza kwenye kiota na nyufa, na uwe na hadhari kama karibu kuna bwawa la samaki, kwa kuwa pareto ni sumu kali kwao. Tumbaku na utupa huua wadudu pia, lakini nikotini ya tumbaku ni sumu kwa kifaranga mwenyewe. Tumia kwenye kuta na nyufa za banda tupu, ufagie kabla ya kuwarudisha.

Majani yanayodhuru

Kuwa wa asili hakuufanyi mmea kuwa salama. Majani ya mparachichi, ganda la parachichi na mbegu yake vina sumu inayoudhuru moyo wa ndege, na mtu anayemwaga maganda ya jikoni uani ayatenge haya. Vitunguu maji vikiwa vingi huvunja chembe nyekundu za damu. Utomvu wa minyaa, ambao wengine huuchanganya kwenye maji ya kuku wakati wa kideri, huunguza macho na utumbo, na ninashauri kabisa usitumike. Mimea iliyoota kandokando ya barabara kuu au kwenye mashamba yaliyopigwa dawa za kuua wadudu isichumwe.

Usichanganye mimea mitano kwenye chungu kimoja ukitumaini kuwa mmojawapo utafanya kazi. Wakifa hutajua umewaua na nini, na wakipona hutajua cha kurudia.

Kilimo hai na chanjo

Wapo wanaodhani kuwa kufuga kwa njia ya asili ni kukataa kila kitu kitokacho kwa daktari wa mifugo. Miongozo ya kilimo hai haisemi hivyo. Kiwango cha Afrika Mashariki, kilichopitishwa mwaka 2007 pamoja na alama ya Kilimohai, na miongozo ya kimataifa iliyokitangulia, hutanguliza kinga, mbegu zinazofaa mazingira, nafasi ya kutosha na tiba za mimea. Chanjo huruhusiwa pale ugonjwa unapojulikana kuwepo na hauzuiliki kwa njia nyingine. Na mnyama anayeteseka lazima atibiwe, hata kama dawa hiyo itamfanya asiuzwe tena kwa alama ya kilimo hai.

Kinachokataliwa ni mazoea ya kuchanganya antibiotiki kwenye chakula au maji ya vifaranga wazima kila wiki, eti wakue upesi. Sweden iliyapiga marufuku mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukafuata kikamilifu Januari 2006. Sababu ni nzito. Bakteria wanaoonjeshwa dawa kidogo kidogo hujifunza kuishi nayo, na usugu huo huvuka kutoka bandani hadi hospitalini. Mama anayempa kifaranga mwenye kideri oksitetrasaiklini haponyi virusi, kwa kuwa dawa hiyo haiviwezi, bali anafuga bakteria sugu kwenye ua anaochezea mtoto wake. Hapa mimea ina thamani kubwa kuliko kuokoa kifaranga mmoja: inatuwezesha kuziweka antibiotiki akiba kwa siku tutakayozihitaji kweli.

Daftari la mfugaji

Tutajuaje kuwa mmea fulani umefanya kazi? Kifaranga aliyepona baada ya kunywa mwarobaini huenda angepona bila mwarobaini. Swali hili linaweza kujibiwa na mfugaji mwenyewe, bila maabara.

Chukua vifaranga waliototolewa siku moja, wagawe makundi mawili bila kuchagua wakubwa upande huu na wadogo upande ule. Walee katika banda moja lililotenganishwa kwa wavu, chakula kimoja, joto moja. Kundi moja lipate mmea unaoupima, mmoja tu, na jingine lipate maji matupu. Kila Jumamosi wapime kwa mizani ya jikoni. Andika uzito, waliokufa na dalili walizoonyesha. Rudia kwa mitotoleo mitatu au minne, misimu tofauti, kwa sababu mtotoleo mmoja unaweza kukudanganya.

Kikundi cha wanawake kumi wa kijiji kimoja wakifanya hivyo kwa mwaka mmoja, watakuwa na elimu ambayo afisa mifugo wao hana. Watajua kama pakanga ya kwao inapunguza kuhara damu wakati wa masika, na kwa kipimo gani. Watajua kama fedha ya kitunguu saumu ingefaa zaidi kununua dagaa. Mmea utakaoshindwa mara nne waachane nao, hata kama walirithishwa na bibi zao. Utakaofaulu wauandike vizuri, jina, sehemu iliyotumika, kiasi, umri wa kifaranga na siku za kutoa, wauweke kwenye daftari la kikundi.

Bibi zetu waliijua mimea hii kwa kuangalia, kukumbuka na kusimuliana. Walichopungukiwa ni mizani na daftari, na sisi tunavyo. Anza na mtotoleo ujao: mchanje mama, kausha banda, tengeneza tenga la chakula, chagua mmea mmoja, na uandike tarehe.